Mahubiri ya Dunguni

Kitu cha kwanza alichokigundua Philomena asubuhi ile ni kwamba makopo ya jirani hayakujibu.

Alikuwa ameivuta kamba yake, na makopo ya kwao yakalia kutoka dunguni hadi kwenye matete. Akasubiri. Siku nyingine zote, kabla kamba haijatulia, makopo ya Shangazi Ursula yangelia upande wa pili, na hapo kila mmoja angejua kwamba mwenzake ameamka, ni mzima, na ndege wa leo wana kazi. Hivyo ndivyo watu wa bondeni wanavyoamkiana msimu wa kuamia ndege. Mpunga ukishaingia maziwa, familia huhamia shambani, hujenga dungu lenye miguu mirefu ya miti, na kutoka juu ya dungu hutandaza kamba zilizofungwa makopo matupu ya mafuta na maziwa. Anayeamka kwanza huvuta, jirani hujibu, na jirani wa jirani naye hujibu, mpaka bonde zima linagongana kama jiko la harusi.

Asubuhi ile mlio uliishia kwa Philomena. Akavuta tena. Kimya. Kisha akaona kundi la kwelea likishuka polepole katika mpunga wa Shangazi Ursula, bila wasiwasi wowote, kama wageni walioletewa kadi.

"Bibi," alisema, "Shangazi hajaamka."

Bibi yake, mzee Yosefina, alikuwa chini akipuliza moto. Masikio yake yalikuwa yamestaafu kabla yake. Alijibu kwamba uji unakaribia, asiwe na haraka, haraka huunguza ulimi.

Inafaa kumweleza kidogo binti huyu. Kule Mlabani, nyumbani kwao, watu walimjua Philomena kama msichana asiye na sauti. Aliacha shule darasa la tano, mwaka aliofariki mama yake, na tangu hapo ilikuwa kana kwamba maneno yake nayo yaliacha kuhudhuria. Dukani alinyoosha kidole. Kisimani alitabasamu. Penye watu wengi zaidi ya watatu alitazama vidole vya miguu yake mpaka vikaona haya vyenyewe. Shida kubwa ilikuwa jumuiya. Kila wiki majirani Wakristo walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasoma Injili, halafu kila mtu kwa zamu akasema neno lililomgusa. Zamu ilipomfikia Philomena, koo lilifunga. Lakini Shangazi Ursula, ambaye siku zote alikaa mkekani ubavuni mwake, alisema kwa utulivu, "Philomena anasema kama mimi," na zamu ikasonga mbele. Mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Fulgensi, alipenda kutania kwamba hata mbinguni msichana huyu ataingia kwa tiketi ya Ursula.

Huyo Ursula hakuwa shangazi wa mtu. Mungu hakumjalia mtoto, basi vijana wote wa mtaa walimwita hivyo ili asikose jina la nyumbani. Mumewe, Valeriani, alifariki mwaka wa Elnino, maji yakiwa bado hayajaondoka mashambani. Baada ya msiba kaka yake Ursula, Kelestini, alikuja kwa treni kutoka Uchindile anakoishi, akakaa naye vizuri, wakaongea. Walikubaliana kwamba Ursula alime msimu mmoja peke yake. Mpunga ukikubali, abaki. Ukikataa, afunge nyumba ya Mlabani, aende Uchindile kwa kaka yake. Hayakusemwa kwa ubaya. Kelestini alikuwa mtu mwema, alisema tu kwamba mtu hali kumbukumbu. Mtaa mzima uliyajua makubaliano hayo, na Philomena aliyajua kuliko wote, maana alikuwa akiyahesabu kila alipoutazama mpunga ule wa jirani. Kwelea wale walioshuka hawakuwa wanakula mpunga tu. Walikuwa wanamfungia Shangazi mizigo.

Alikunywa uji wima, akavuka mpaka.

Ursula alikuwa amelala chali juu ya dungu, khanga imemfunika mpaka kidevuni, macho wazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Philo."

Hakuwa na homa. Alisema hivyo mwenyewe kabla ya kuulizwa. Alisema ameamka vizuri, amesali vizuri, akashika kamba, na mikono ikakataa. Basi. Jana ilikuwa mizito, leo imekataa kabisa. "Waache wale," alisema. "Na wao ni viumbe wa Mungu. Uchindile nako kuna watu."

Philomena alisimama chini ya dungu lile, kichwa kimejaa maneno. Alitaka kusema kitu cha imani, kitu ambacho Mzee Fulgensi angekisema bila hata kukohoa. Alitaka kusema Mungu hamwachi mtu, kwamba asubuhi ni nyingi. Yote yalipanda mpaka kooni, yakasukumana mlangoni, likakosekana la kutangulia. Mwisho akasema, "Haya, Shangazi," akaondoka huku akijichukia.

Ndipo mpakani akakiona kigingi cha mwisho cha kamba yao, na hatua chache mbele yake kigingi cha mwisho cha kamba ya Ursula. Kamba mbili zimetazamana kama majirani waliokosana. Philomena alizitazama, akafungua mtandio wake wa kichwani, akauchana, akausokota, akaziunganisha. Alirudi dunguni kwao akavuta. Ilikuwa nzito kama kuvuta ndoo iliyojaa mawe, lakini mashamba yote mawili yalilia, na kwelea wa Ursula wakaruka kama majivu yaliyopulizwa.

Hapo sasa lazima isemwe siri ya Philomena. Juu ya dungu hakuwa yule wa Mlabani. Bibi hasikii, baba yake yuko mtoni kwenye kambi ya wavuvi, na mbele yake kuna mpunga mtupu na anga. Huko sauti yake ilitoka yote, na ilikuwa kubwa, pana, sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto. Alizoea kuongea na ndege. Na kwa kuwa sasa alikuwa na mashamba mawili, aliongea mara mbili zaidi.

"Ninyi, sikilizeni," aliwaambia kwelea siku ya kwanza. "Padre alitufundisha kwamba Baba wa mbinguni anawalisha ninyi bure, hamlimi wala hamna ghala. Mimi sikatai. Lakini hakusema anawalisha kwa mpunga wa mjane. Nendeni kwa Mzee Fulgensi, ana heka nyingi na sala ndefu, mtakula mpaka afike Amina."

Ndege wakaenda. Akawafuatia kwa kumwiga Mzee Fulgensi mwenyewe, namna anavyofumba jicho moja na kuliacha la pili likilinda waumini, namna anavyowaombea wagonjwa, wasafiri, viongozi wa dunia, na fundi wa baiskeli aliyemcheleweshea tairi.

Mikono ilipouma aliomba palepale, bila kubadili sauti. "Ee Mungu, kamba imekuwa ndefu na mikono ni ileile. Sikuombi uniongezee mikono, watu watashangaa. Niongezee tu nguvu mpaka jua la saa sita, halafu tutaongea tena."

Alikuwa pia na desturi ya kujifundisha mwenyewe kwa kile kilichokuwa mbele yake, maana Biblia iliyokuwepo ilikuwa ya baba na maandishi yake yalikuwa madogo kwa msomaji wa darasa la tano. Siku moja alishuka kukagua mpunga, akashika suke lililoliwa na suke zima. Kwa macho yalikuwa sawasawa. Kwelea ana ujanja huo: anafyonza maziwa anaacha ganda la kijani limesimama vilevile, na mkulima hajui mpaka abonyeze kwa kidole. Philomena alirudi juu akavuta kamba, kisha akasema kwa sauti iliyofika kwenye matete:

"Kumbe na mtu yuko hivyo. Ukimwona amesimama, wa kijani, anaitikia salamu, unasema huyu mzima. Kumbe ndani kumefyonzwa. Ee Mungu, wewe ndiye mwenye kidole. Mbonyeze Shangazi taratibu, ujue mahali palipobaki maziwa, uanzie hapo."

Zilipita siku za namna hiyo. Kila asubuhi Philomena alimpelekea Ursula uji, akasema shikamoo, akakosa neno, akarudi kuhubiria ndege.

Kisha alasiri moja akaja Seni.

Seni alikuwa kijana wa Kisukuma ambaye ukoo wake ulihamia bondeni na ng'ombe miaka michache nyuma. Wakulima na wafugaji waliishi kwa kuviziana kidogo, kila upande ukingoja kosa la mwenzake. Kwa hiyo Philomena alipomwona anakuja kwa miguu, ng'ombe amewaacha mbali, fimbo ameishika nyuma ya mgongo kama mtu aendaye barazani, alijua kuna shauri. Akajikunyata.

Seni alimwamkia Bibi kwanza. "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa lugha yao. Akauliza habari za nyumbani, za mvua, za miguu ya Bibi. Bibi alijibu zile alizozisikia na nyingine alizozitunga. Ndipo kijana akainua uso kuelekea dunguni, akasema kwa heshima kubwa:

"Dada, nimekuja tuyamalize. Nimekosa nini?"

Alieleza taabu yake. Njia ya ng'ombe kwenda majini inapita nyuma ya matete yale. Kila akipita na mifugo anasikia mwanamke anapaza sauti: ondokeni hapa, mmekula vya kutosha, hamna aibu, shamba la mjane, mtajibu nini siku ya mwisho? Akaona ameshtakiwa. Akaamua kuzungukia kwenye tope, na jana ndama wake alikwama mpaka shingoni. Na yeye anaapa ng'ombe wake hawajagusa hata jani moja. Kama kuna fidia, ionyeshwe. Kama ni salamu aliikosa, aombe radhi.

Philomena alitamani dungu limmeze. Alitazama vidole vyake. Kijana akangoja, na Bibi akangoja, na hakukuwa na Ursula wa kusema anasema kama mimi.

"Ni ndege," alisema mwisho, kwa sauti ya mbu.

"Ndege?"

"Nilikuwa nawaambia ndege."

Seni alimtazama, akautazama mpunga, akawatazama kwelea waliokuwa wakizunguka juu ya matete wakingoja mazungumzo yaishe. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea fimbo, na Bibi, ambaye hakusikia hata neno, akacheka naye kwa ujirani.

"Basi una sauti, dada," alisema akifuta macho. "Ng'ombe wangu wameshatubu. Kuna dume moja siku hizi halipigani."

Alishukuru kwamba hakuna kesi, akaaga. Alipokwisha kupiga hatua chache akageuka. Alisema kumbe ndiyo maana yule mama wa dungu la pili hucheka peke yake. Yeye alikuwa akimsikia kila akipita, akadhani masikini amechanganyikiwa. Kumbe naye alikuwa anasikiliza.

Philomena alikaa chini. Sauti, juu ya mpunga ulio wazi, huenda kama juu ya maji, na yeye mtoto wa bonde alisahau jambo ambalo kila mtoto wa bonde analijua. Shangazi alikuwa amesikia kila kitu. Kufumba jicho kwa Mzee Fulgensi. Fundi wa baiskeli. Kidole cha Mungu na maziwa yaliyofyonzwa.

Kesho yake alifanya kazi kwa mdomo uliofungwa. Alivuta kamba tu. Kwelea si wajinga: makopo bila sauti ya mtu waliyazoea haraka, wakawa wanaruka kidogo na kutua palepale. Uji hakuupeleka yeye, alimtuma Bibi.

Jua likiwa limepanda, kamba ilimchomoka mkononi. Alidhani imekatika. Haikukatika. Ilikuwa inavutwa kutoka upande wa pili, kwa nguvu, na makopo ya mashamba yote mawili yakalia bila yeye kuyagusa. Halafu sauti ya Ursula ikaja juu ya mpunga.

"Wewe Philo. Mbona leo kimya? Mahubiri yameisha, au tumefika kwenye sadaka?"

Philomena alijifunika khanga usoni.

"Nakuona," alisema Ursula. "Jifunue, ndege wanakula."

Alijifunua. Kule ng'ambo Shangazi alikuwa amesimama juu ya dungu lake, khanga kiunoni, kamba mikononi. Alianza kueleza, polepole, kwa sauti ya kuvukia shamba. Alisema tangu Valeriani azikwe watu wema wengi walikuja kumfariji, na kila mmoja alikuja na neno lake, akalikabidhi, akangoja aone limefanya kazi. Yeye akachoka kuwaonyesha kwamba limefanya kazi.

"Wewe hukunifariji," alisema. "Ulikuwa unagombana na kwelea. Nikasikiliza kwa kuwa hukuwa unaniangalia. Siku ile ya fundi baiskeli nilicheka, nikajishangaa. Siku ya kidole nililia, na haikuwa kilio kibaya. Sasa endelea. Tulikuwa tumefikia wapi?"

Philomena hakuweza kuendelea siku ile, ila alicheka, na kicheko nacho kilifukuza ndege. Siku zilizofuata aliweza. Waligawana kazi: asubuhi Ursula anavuta, mchana Philomena, jioni wote. Waliombeana kutoka dungu hadi dungu, mmoja akianza sala, mwenzake akimalizia, na katikati wakimkatiza Mungu kwa heshima ili kumfukuza ndege. Seni akirudi na ng'ombe kwa njia yake ya zamani aliuliza kwa mbali leo wanahubiriwa akina nani, na akajibiwa na mashamba yote mawili kwamba ni wale waliochelewa.

Mpunga uliiva. Upande wa Ursula, ule ulioliwa siku za mwanzo ulikuwa makapi matupu, hilo halikufichika, lakini uliobaki ulijaza ghala kwa namna ya kuheshimika. Mzee Fulgensi ndiye aliyelalamika. Alisema mwaka ule ndege wote wa bonde la Kilombero walihamia kwake, hajui kwa nini, akaamini anajaribiwa kama Ayubu na akafunga kwa siku kadhaa. Hakuna aliyemweleza.

Walipokwisha kurudi Mlabani jumuiya ilikutana kwa Ursula, kumshukuru Mungu kwa mavuno. Alipika wali wa mpunga mpya, harufu yake ikafika barabarani na kuwaleta hata waliokuwa na udhuru. Na Kelestini alikuwepo, ameshuka treni siku iliyotangulia.

Kelestini alisubiri Injili isomwe, ndipo akaomba kusema. Alisema ameuona mpunga, na amefurahi. Makubaliano ni makubaliano. Lakini tangu alipofika amekuwa akifikiri, na ameona walikosea kupima kwa mpunga. Mwaka huu umekubali, mwaka ujao je? Dada yake akiugua, nani atajua? Mjane hakai mahali asipokuwa na mtu wake.

"Nionyesheni mtu wake hapa," alisema, "na mimi nitarudi peke yangu, tena kwa furaha."

Watu walitazamana. Si desturi kuingia kati ya mjane na kaka yake. Mzee Fulgensi alisafisha koo, akasema mambo ya ukoo ni ya ukoo, jumuiya itabaki kuwasindikiza kwa sala. Wote wakaona amesema kwa busara. Zamu zikaanza kuzunguka, na kila mtu alisema neno zuri lililomgusa, kisha akamtakia Ursula safari njema, kana kwamba treni imeshapiga honi. Ursula aliitikia mmoja mmoja. Kaka yake alikuwa amemuuliza tangu jana anataka nini, naye akajibu kwamba hajui. Hakutaka kuwa mtu anayejibakiza mahali ambapo hakuna aliyemwomba abaki.

Zamu ikamfikia Philomena.

Alitazama vidole vyake. Alingoja, kama wiki zote. Lakini Ursula ubavuni mwake hakusema kitu, na Philomena alielewa kwa nini: safari hii Shangazi hakuwa na neno la kumkopesha. Mzee Fulgensi alikuwa tayari anamgeukia anayefuata.

Philomena akasimama. Hakuna aliyewahi kumwona amesimama jumuiyani, na mtu mmoja aliyekuwa anatafuna aliacha.

"Shangazi," alisema, "usiende Uchindile."

Sauti ilifika kwa wote. Kelestini alimgeukia binti huyu aliyemsikia kwa mara ya kwanza, hakuwa na hasira, alitaka tu kujua.

"Na wewe, binti, ni nani wake?"

Angeweza kusema jirani. Angeweza kusema mwanajumuiya, na wote wangeitikia kwa kichwa. Koo lilianza kufunga, na hapohapo akamwomba Mungu, kimoyomoyo, alishike likiwa wazi kwa maneno machache tu, halafu baadaye wataongea.

"Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano," alisema. "Tangu siku ile sijamwita mtu yeyote jina hilo. Huyu mnayemwita Shangazi, nami namwita Shangazi kwa mdomo. Lakini kila asubuhi nikivuta kamba, moyoni nasema, ngoja nione kama mama ameamka."

Akamtazama Kelestini usoni.

"Mimi ndiye mtu wake. Ni mama yangu."